Nzi si mkaguzi wa nyama

Mtu wa Mtwara humdanganyi kwa samaki. Atafunua matamvua aone wekundu wake, atabonyeza ubavu kwa kidole, atatazama jicho kama limezama, na ukimtajia bei ya changu aliyelala atakucheka. Huyo huyo akitoka soko la samaki la Feri akaingia buchani, ujuzi wote anauacha mlangoni. Anatafuta nzi. Wakiwepo, nyama haina dawa, nifungie kilo. Wasipokuwepo, basi muuzaji kaipulizia kitu, na mteja anavuka barabara kwenda bucha lenye nzi wa kutosha.

Hofu ya dawa haikuzuka bure. Mwaka 2019 televisheni moja ya Kenya ilirusha uchunguzi kuhusu nyama za supamaketi za Nairobi zinazotiwa kemikali ya sodiamu metabaisalfaiti ili zibaki nyekundu, na gumzo likavuka mpaka. Ila bucha lenye wavu dirishani halina nzi kwa sababu ya wavu. Na yule nzi anayetua kwenye paja la ng'ombe ametoka kwenye utumbo uliotupwa nyuma ya machinjio, kama hakutoka chooni. Sisi tumempa cheo cha ukaguzi.

Mkaguzi halisi, wa idara ya mifugo, kazi yake naiheshimu. Anatakiwa amtazame mnyama akiwa hai. Akishachunwa, anachana misuli ya taya na moyo kutafuta tegu, anakata ini aone minyoo bapa, anapasua tezi na mapafu kutafuta kifua kikuu. Akiridhika anagonga muhuri. Aliyekufa kwa kimeta hapaswi hata kupasuliwa, maana vimelea vyake vikishamwagika hukaa ardhini miaka na miaka. Hiyo yote ni kazi ya jicho na kisu. Salmonela na E. koli, bakteria wa tumboni, hazionekani kwa jicho. Zinatoka kwenye kinyesi na ngozi, zinahamia kwenye nyama kwa kisu, kwa mikono, kwa sakafu. Muhuri hauwezi kuzizuia. Zinazuiwa na maji safi, mengi, yanayotiririka, na ndiyo habari ambayo hakuna anayeizungumza.

Watu wa pwani tuko makini kuuliza nani kachinja na kama bismillahi ilisomwa. Ni swali la haki, na mnyama aliyetoka damu vizuri nyama yake haiharibiki upesi. Lakini sijasikia mteja akiuliza maji yaliyooshea yalitoka wapi, au kama pipa lililosafishia utumbo ndilo hilo hilo lililosuuzia mapaja. Machinjio mengine ya vijijini ni sakafu ya saruji, paa la bati na mapipa mawili. Utafanyaje usafi hapo?

Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza homa ya mgunda (leptospirosisi) wilayani Ruangwa, mkoa jirani wa Lindi: wagonjwa 20, watatu wakafariki. Sisemi ililetwa na nyama. Ninachosema ni kwamba bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwa mbele, ng'ombe na nguruwe nao wamo, na huingia mwilini kupitia michubuko na maji machafu. Sasa mfikirie kijana wa machinjioni, kandambili mguuni, vidole vina majeraha ya kisu, amesimama kwenye damu na mkojo tangu alfajiri. Ukimkosesha buti na sabuni, umejikosesha na wewe unayekula alichokishika.

Halafu kuna saa. Bakteria akipata joto analolipenda anaweza kugawanyika kila dakika 20, na joto letu la Novemba analipenda. Mmoja wa saa 12 asubuhi, mambo yakimwendea vizuri, saa 7 mchana wamekuwa zaidi ya milioni mbili. Ndiyo maana siwacheki wazee wanaotaka nyama ya asubuhi tu na kuibandika jikoni kabla ya adhuhuri. Pasipo na baridi ya uhakika, hiyo ndiyo akili. Ninayemwogopa zaidi ni muuzaji mwenye friza na umeme wa mashaka: nyama ya jana inaganda, umeme unakatika usiku, inayeyuka, unarudi, inaganda tena, na asubuhi inatundikwa katikati ya mpya kwa bei ile ile.

Nyama ya kusaga ni hatari zaidi. Kipande kizima uchafu wake uko juu, moto unaufikia mapema. Ukikisaga, wa juu umeingia ndani, kwa hiyo kababu na soseji za jioni barabarani zinahitaji kuiva mpaka katikati, si kuungua nje tu. Na msidhani kiwanda kikubwa ni kinga. Afrika Kusini, 2017 na 2018, bakteria wa listeria waliokuwa kwenye poloni za kiwandani, zile soseji nene zinazoliwa bila kupikwa, waliwafanya watu zaidi ya elfu moja waugue na kuua zaidi ya mia mbili.

Kama tunataka kuogopa dawa, ipo ya kweli. Ng'ombe mgonjwa anachomwa oksitetrasaiklini, antibiotiki ya kuua bakteria, hapati nafuu, mwenyewe anaona bora amuuze kabla hajafa. Chupa za ile ya kukaa muda mrefu mwilini huagiza asichinjwe kwa wiki tatu au nne. Nani anasoma chupa? Nzi hawezi kukwambia lolote kuhusu hilo, atatua tu.

Halmashauri zinatoza ushuru kwa kila mnyama anayechinjwa. Kuanzia Oktoba, pesa za korosho zikiingia Tandahimba na Newala, vichwa vya kuchinjwa vinaongezeka na wengine wanachinjia uani usiku kukwepa ushuru na mkaguzi kwa pamoja. Na huko ndiko uwanda wa Makonde, ambako tangu zamani maji ni ya kununua kwa ndoo. Mchinjaji anayelipia kila ndoo kutoka mfukoni ataosha mara ngapi? Mimi ningeanzia hapo: ushuru wa msimu mmoja ubandikwe kwenye ubao wa matangazo, kiasi kilichoingia na kilichorudi machinjioni, kisha linunuliwe tanki. Watu wa Newala wamevuna maji ya mvua kwenye visima vya nyumbani miaka yote, na paa la bati la machinjio tayari lipo. Liwe tanki kubwa tu, maana korosho zinauzwa Oktoba na mvua zenyewe mara nyingine mpaka Desemba.