Sepultura baada ya ndugu Cavalera: nani mwenye haki ya kubaki na jina la bendi?

Tarehe 16 Desemba 1996, baada ya onyesho katika ukumbi wa Brixton Academy jijini London, wanamuziki watatu wa bendi ya Sepultura ya Brazil walimweleza mwenzao wa nne kwamba hawakuwa tayari kuurefusha mkataba wa meneja wao. Meneja huyo, Gloria Cavalera, alikuwa mke wa huyo wa nne, Max Cavalera, mwimbaji, mpiga gitaa na mmoja wa waasisi wa bendi. Max akajiondoa. Waliobaki, yaani Andreas Kisser wa gitaa la solo, Paulo Jr. wa besi na Igor Cavalera wa drams, ambaye ni mdogo wake Max wa damu, hawakuvunja bendi wala hawakubadili jina. Walitafuta mwimbaji mwingine wakaendelea, na mpaka ziara yao ya kuaga ilipoanza Machi 2024 mashabiki wa hevi metali, muziki wa roki wenye magitaa mazito, walikuwa bado wanabishana kama walichokuwa wakikisikiliza kilistahili kuitwa Sepultura.

Hevi metali ina wasikilizaji wachache hapa Uganda, na sitarajii kila msomaji awe na kaseti za bendi hii. Hata hivyo, ubishi wenyewe tunaufahamu vizuri. Afrigo Band imekuwepo tangu 1975, wamepita humo waimbaji na wapigaji wengi, akiwemo Rachel Magoola ambaye baadaye aliingia Bungeni, na hakuna aliyewahi kudai kwamba Afrigo imekufa kwa kuondokewa na fulani. Sababu yake ni rahisi: Moses Matovu, mwasisi, na saksafoni yake hawajatoka. Kwa upande mwingine, Cindy Sanyu alipoliacha kundi la wasichana la Blu*3 mwaka 2008 na Mya Baganda akachukua nafasi yake, wasikilizaji wengi waliliona kundi lile kuwa limeshakuwa jingine, ingawa wenzake wawili wa awali walikuwa wangali humo. Afrigo haijawahi kutujibu swali gumu zaidi, nalo ni kama jina lingeweza kusimama siku ambayo Matovu mwenyewe angeondoka na wengine wakabaki. Sepultura ililijibu swali hilo kwa vitendo kwa zaidi ya robo karne, na ndiyo maana nadhani historia yake inafaa kupimwa hata na mtu asiyeupenda muziki wenyewe.

Hoja ya wanaowatetea waasisi ina uzito, na uzito wake unaanzia Belo Horizonte, mji mkuu wa jimbo la Minas Gerais, mwaka 1984. Brazil ilikuwa katika mwaka wa mwisho kamili wa utawala wa kijeshi ulioanza 1964. Max na Igor walikuwa vijana wadogo, mmoja ana miaka kumi na mitano na mwingine kumi na minne, waliofiwa na baba na ambao familia yao ilikuwa imeshuka kutoka maisha ya nafuu hadi ya dhiki. Bendi ilizaliwa katika nyumba hiyo. Rekodi za kwanza, zile za 1985 na 1986 zilizotolewa na kampuni ndogo ya Cogumelo ya mjini kwao, zilirekodiwa kwa vifaa duni na Kiingereza cha kubahatisha, lakini ndani yake mna ghadhabu ambayo haikuazimwa kwa mtu. Max alizoea kulipiga gitaa lake likiwa na nyuzi nne badala ya sita, kwa kuwa zile mbili nyembamba hakuzihitaji, na mlio huo mzito wa chini ukaja kuwa sehemu ya sura ya bendi. Igor naye aliingiza katika drams mapigo ya ngoma za Brazil, jambo ambalo bendi za Marekani na Ulaya zilizotangulia hazikuwa nalo.

Kilele chake kilikuwa albamu ya Chaos A.D. ya 1993 na Roots ya 1996. Katika ile ya kwanza mna wimbo kuhusu mauaji ya gereza la Carandiru mjini São Paulo, ambako wafungwa 111 waliuawa Oktoba 1992 polisi walipoingia kuzima ghasia. Kwa ile ya pili, wanabendi walisafiri hadi Mato Grosso kurekodi pamoja na watu wa kabila la Xavante, na wakamwalika Carlinhos Brown, bingwa wa ngoma kutoka Bahia. Mtetezi wa waasisi huuliza: kama sauti ni ya Max, maneno mengi ni ya Max, na mapigo ni ya Igor, basi jina bila hao wawili linabeba nini? Watu wanaolichukulia swali hilo kuwa ni mahaba ya ujana tu hawalitendei haki. Mtu aliyenunua Roots kwa ajili ya kilio kile cha mwanzo, kisha miaka miwili baadaye akanunua Against, albamu ya kwanza bila Max, akasikia koo jingine kabisa, alikuwa na sababu ya kujiona kauziwa kitu tofauti kwa nembo ileile.

Kuna pia suala la utu, ambalo mimi naliona zito kuliko la sauti. Agosti 1996, Dana Wells, mtoto wa Gloria na mtoto wa kambo wa Max, alifariki katika ajali ya gari mjini Phoenix. Max na mkewe walirudi nyumbani kuzika, na watatu waliobaki wakapanda jukwaa la tamasha la Donington bila yeye, Kisser akiimba. Kufanya hivyo mara moja kunaeleweka, kwa kuwa tamasha lilikuwa limeshatangazwa. Lakini miezi minne tu baada ya msiba, mama yuleyule aliyefiwa akaambiwa kwamba kazi yake imekwisha. Hata kama malalamiko yao juu ya uongozi wake yalikuwa ya haki, kwamba alimjali mumewe kuliko wanabendi wengine, wakati waliouchagua ulihakikisha kwamba mgogoro wa kikazi unageuka kuwa uhasama wa ukoo. Igor na Max walikaa karibu miaka kumi bila kusemezana.

Sasa tugeukie waliobaki. Jambo la kwanza ambalo watetezi wa waasisi hulipitia juu juu ni kwamba Sepultura ya 1996 haikuwa ile ya 1984 hata kabla Max hajaondoka. Mwimbaji wa awali, Wagner Lamounier, alitoka 1985 akaenda kuongoza bendi nyingine. Mpiga gitaa Jairo Guedz alitoka 1987, na nafasi yake ikachukuliwa na Kisser, kijana wa São Paulo. Msikilizaji yeyote anayeweka albamu za Morbid Visions ya 1986 na Schizophrenia ya 1987 bega kwa bega atasikia ni kwa kiasi gani ujio wa mtu mmoja uliinua ufundi wa bendi nzima: magitaa yakanyooka, nyimbo zikapata mpangilio, na mwaka 1989 Beneath the Remains ikatoka kupitia Roadrunner, kampuni iliyowafikisha duniani. Kama jina linafuata kazi, Kisser ni mmoja wa waliolijenga. Paulo Jr. alikuwemo tangu miaka ya mwanzo kabisa. Na mwaka 1996 mmoja wa hao watatu alikuwa mwasisi, tena mwenye jina la ukoo lilelile. Watatu kati ya wanne walibaki, na mmoja akaondoka kwa hiari yake. Sioni ni kwa kanuni gani huyo mmoja angeondoka na nyumba mgongoni.

Mila ya bendi zetu za Afrika Mashariki inawaunga mkono. Omar Shabani na wenzake walipojitoa Simba Wanyika mwaka 1978 hawakudai jina. Walianzisha Les Wanyika, wakachukua nusu ya jina na kuwaachia akina Kinyonga, ndugu walioianzisha Simba Wanyika, lililo kamili. Max naye, kwa haki yake, alifanya kilekile: alianzisha Soulfly 1997, na albamu yao ya kwanza ikatoka mwaka uliofuata. Mfano wa Msondo Ngoma wa Dar es Salaam ni wa ajabu zaidi, kwa sababu bendi ile imeitwa NUTA Jazz, kisha JUWATA, kisha OTTU, kwa kufuata chama cha wafanyakazi kilichoimiliki, na bado wapenzi wake hawakupotea njia. Hapo jina lilibadilika na bendi ikabaki. Sepultura ilitaka kinyume chake, na kinyume hicho ni kigumu zaidi, kwa sababu msikilizaji hulisoma jina kabla hajasikia sauti, na anapolisoma tayari ana anachokitarajia.

Mtu aliyebebeshwa mzigo huo ni Derrick Green, Mmarekani mweusi kutoka Cleveland, Ohio. Niseme kidogo juu yake, kwa kuwa watu weusi wanaosimama mbele ya bendi kubwa za hevi metali ni wa kuhesabu. Aliingia katika bendi ya Wabrazil akiwa mgeni kwa nchi, kwa lugha na kwa mashabiki, akalazimika kila usiku kuimba nyimbo zilizoandikwa kutokana na maisha ya mtu mwingine. Mauzo ya Against mwaka 1998 yalishuka mno yakilinganishwa na ya Roots, na ikumbukwe kwamba Soulfly nao walikuwa Roadrunner, kwa hiyo kampuni moja ilikuwa ikiuza pande zote mbili za talaka. Sepultura waliachana na kampuni hiyo baada ya albamu yao ya 2001. Nyimbo za miaka hiyo ya mpito zimechoka, na sidhani kama kuna haja ya kuzitetea.

Baadaye, hata hivyo, mambo yalibadilika. Machine Messiah ya 2017 na Quadra ya 2020 ni kazi za bendi inayojua inakokwenda, na Quadra hasa ningeiweka karibu na Arise ya 1991 bila kuona haya. Ukihesabu, Max aliimba katika albamu sita kwa muda wa miaka kama kumi na miwili, na Green akaimba katika albamu tisa kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Wingi si ubora, nakubali. Lakini mtu aliyeifanya kazi kwa muda ulio zaidi ya maradufu ya mtangulizi wake, kisha akaendelea kuitwa mwimbaji mpya, ametendewa jambo lisilo na hesabu.

Udhaifu halisi wa upande wa waliobaki haumo katika mwaka 1996 bali katika 2006. Mwaka huo Igor naye aliondoka, mara baada ya kurekodi albamu ya Dante XXI, na kuanzia hapo hapakuwa na Cavalera hata mmoja ndani ya bendi ambayo Cavalera wawili waliianzisha. Ndugu wakapatana, wakaunda Cavalera Conspiracy, na albamu yao ya kwanza ikatoka 2008. Hoja ya watatu dhidi ya mmoja ikavunjika, kwa sababu sasa ilikuwa wawili wa zamani kila upande, na waasisi wote wawili wakiwa nje. Zaidi ya hayo, maonyesho ya Sepultura yaliendelea kufungwa kwa wimbo mkuu wa Roots, na bendi iliyodai kwamba imeuvuka wakati wa Max iliendelea kula jasho la wakati huo kila usiku. Hapo ndipo ninapoona kwamba walikosa ujasiri: wangeweza mwaka ule kubadili jina na wakapoteza fedha, au kubaki na jina na kujenga onyesho juu ya nyimbo zao wenyewe. Walichagua njia ya katikati, inayolipa.

Ndugu Cavalera nao si wasafi katika hili. Mwaka 2023 walizirekodi upya kazi mbili za mwanzo, ambazo Kisser hakuwemo, na hapo sina neno. Lakini mwaka uliofuata waliirudia Schizophrenia, albamu ambayo Kisser alishiriki kuitunga, bila yeye kuwepo. Watu waliolalamikiwa kwa niaba yao kwamba wamenyang'anywa jina wakawa wanaichukua kazi ya mwingine na kuitia jina la ukoo wao.

Kwa hiyo, nikipima yote, nawapa waliobaki haki ya jina mpaka 2006 bila kusita, na baada ya hapo nawapa kwa shingo upande, kwa sababu ya kazi ya Green na ya Kisser wala si kwa sababu ya hati. Ziara ya kuaga yenyewe ilianza kwa kisa kinachofanana na historia yao: mpiga drams Eloy Casagrande aliondoka Februari 2024, wiki chache kabla ya onyesho la kwanza, kwenda bendi ya Marekani ya Slipknot, na mahali pake akawekwa Greyson Nekrutman, Mmarekani aliyezaliwa miaka kadhaa baada ya Max kutoka. Mashabiki wengi wametaka Max na Igor waitwe jukwaani kwa usiku wa mwisho. Mimi ningepinga. Kuwaita kungewafurahisha watu kwa saa mbili, lakini kungeifanya miaka yote ya Green ionekane kama zamu ya mlinzi aliyekuwa akiwasubiri wenye nyumba warudi.