Chemko la Dakika Ishirini Linataka Ukumbi Gani?

Bendi ya muziki wa dansi inayopiga laivu na kurefusha wimbo mmoja hadi dakika 20 ipigie wapi hapa Arusha? Kwenye bustani ya baa, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Ukumbi wa Simba wenye viti 1,350 pale AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, au ukumbi mdogo wa zamani kama Arusha Little Theatre? Mimi nasema ukumbi mdogo. Wanaopinga, hata hivyo, wana hoja nzito, na moja ni nzito kuliko wengi wetu tunavyokubali.

Marekani muziki wa namna hii una historia ndefu. Grateful Dead walianza California mwaka 1965, Phish wakafuata Vermont mwaka 1983, na bendi zote mbili zilijengwa juu ya jambo moja: wimbo hauna urefu maalumu, unaisha pale wapigaji wanapokubaliana jukwaani kwamba umekwisha. Mwaka 1970 na 1971 Grateful Dead walirudi mara kwa mara kwenye Capitol Theatre ya Port Chester, New York, jumba lililofunguliwa mwaka 1926.

Sisi hatuhitaji kuazima. Muziki wa dansi tangu zamani una sehemu mbili: mashairi yanayokwenda taratibu, kisha chemko, ambapo magita yanashika kasi na waimbaji wanabaki na kibwagizo. Upande mmoja wa santuri ya inchi saba ulibeba dakika chache tu, ndiyo maana nyimbo nyingi zilikatwa zikawa sehemu ya kwanza na ya pili. Aliyekuwa ukumbini ndiye aliyeupata wimbo mzima. Na Arusha ina haki yake katika historia hiyo: ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga wakaunda Arusha Jazz hapa mwaka 1970, kabla ya kuvuka kwenda Nairobi na kuanzisha Simba Wanyika mwaka 1971.

Kwa nini basi ukumbi mdogo? Chemko ni mazungumzo. Mpiga solo anatupa kipande, gita la rithimu linakijibu, mpiga tumba anasikia jibu na kubadili mkono, besi inatulia ili wenzake wapite. Mazungumzo hayo yanawezekana wapigaji wakisikiana kwa masikio yao. Uwanjani kila mmoja anamsikia mwenzake kupitia spika iliyo miguuni pake, na anachosikia ni kile ambacho fundi mitambo ameamua kumpa. Mpiga gita akitaka kushusha sauti hadi kunong'ona, upepo unaichukua kabla haijafika safu ya tatu. Ukumbini watu wanaisikia. Wananyamaza, naye akijua wamenyamaza anathubutu zaidi. Ni kweli pia kwamba tarumbeta tatu na saksafoni ndani ya chumba cha watu 150 zinaweza kuumiza masikio, kwa hiyo fundi mwenye busara hataziwekea maikrofoni kabisa. Nyumba yenye kuta nene inasaidia hata majirani, hasa tangu kanuni za mazingira za mwaka 2015 ziweke viwango vya kelele.

Wapinzani wanasema dansi ni la kuchezwa, na mtu aliyekalishwa kwenye kiti amenyang'anywa nusu ya muziki. Taarab inawajibu kwa sehemu. Zanzibar, ambako kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kipo tangu mwaka 1905, watu wameketi miaka yote hiyo, wakainuka kwenda kumtuza mwimbaji ubeti ulipowagusa, na hakuna anayesema wamepoa. Lakini msikilizaji wa taarab anafuata maneno, na chemko linaongea na miguu. Hapa nawapa wapinzani haki yao: safu za mbele ziondolewe. Kama viti vimefungwa kwa skrubu na sakafu ina mteremko, kama majumba mengi ya sinema ya zamani, ukumbi huo haufai, hata ungekuwa na historia nzuri namna gani.

Hoja ya pesa ndiyo inayonisumbua. Piga hesabu: viti 150 kwa kiingilio cha shilingi 15,000 ni 2,250,000. Toa mitambo, tuseme 600,000, na ukumbi 500,000. Inabaki 1,150,000 kwa bendi ya watu 14, yaani kama 82,000 kwa kichwa, kabla ya gari na matangazo. Mwenye baa anaweza kuwalipa zaidi kwa sababu pesa yake inatoka kwenye bia na nyama choma. Ukipandisha kiingilio hadi 50,000, hesabu inakaa sawa lakini ukumbi unajaa wageni wa safari, na mpenzi wa dansi wa mitaa kama Ngarenaro au Unga Limited anabaki nje ya muziki wake mwenyewe. Hilo sitalikubali kamwe.

Njia ninayoiona ni siku mbili mfululizo, gari likilipwa mara moja, na wimbo wa jana usirudiwe leo. Mwaka 2017 Phish walipiga siku 13 katika Madison Square Garden, ukumbi wa New York, bila kurudia wimbo hata mmoja. Bendi yetu ya dansi ya Msondo Ngoma, iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964, haikosi nyimbo za kujaza siku mbili.

Kuna pia suala la kurekodi. Grateful Dead waliwaachia mashabiki warekodi, na mwaka 1984 wakawatengea eneo lao ukumbini. Kwetu, Radio Tanzania ilihifadhi nyimbo za studio, lakini yaliyopigwa kumbini usiku mengi yamepotea. Wanamuziki wetu wana sababu ya kuogopa, maana kanda bandia ziliwaibia kwa miaka mingi, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 haikuwarudishia kilichokwenda. Kwa hiyo uamuzi uwe wa bendi, nayo ijirekodi yenyewe kutoka kwenye mikisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti, kila inapopanda jukwaani.

Baa zibaki na Ijumaa zao. Ukumbi uchukue Jumamosi na Jumapili, muziki uanze saa kumi jioni na kukoma saa mbili usiku, daladala za Sakina na Kijenge zikiwa bado barabarani.