Vepu mkononi mwa daktari wa meno wa kesho

Kijana anayesomea meno akionekana jioni pale Capri Point, Mwanza, anapuliza vepu (kifaa cha betri kinachogeuza kimiminika, mara nyingi chenye nikotini, kuwa mvuke) yenye harufu ya embe, maneno hayakosekani. Wapo watakaomwita mnafiki, na wapo watakaosema aachwe, hiyo siyo sigara. Wanaomkosoa huchukuliwa kama wahubiri tu, na hapo nadhani hawatendewi haki, kwa sababu wana hoja nzito ya kitabibu.

Wanaotetea vepu nao wana ushahidi. Mwaka 2015 mamlaka ya afya ya umma ya Uingereza ilikadiria kuwa madhara yake ni pungufu kwa takriban asilimia 95 kuliko ya sigara. Mwaka 2019, utafiti wa hukohuko uliohusisha wavutaji 886 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya waliopewa vepu walikuwa wameacha sigara baada ya mwaka, dhidi ya asilimia 9.9 ya waliopewa plasta, bigijii na dawa nyingine za nikotini. Mvuvi wa Mwaloni anayemaliza pakiti kwa siku, akihamia vepu kabisa, amejipunguzia hatari.

Lakini ile 95 inapimwa dhidi ya sigara. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuvuta hana hatari anayoipunguza. Ameiongeza, tena kuanzia sifuri.

Halafu kuna suala la fizi, ambalo wanaomtetea hulipita haraka mno. Fizi ikiwa na ugonjwa huvuja damu, na damu hiyo ndiyo dalili ya mapema. Mwanafunzi hufundishwa kupitisha kifaa chembamba chenye alama za milimita kati ya jino na fizi, kisha atazame kama damu itatoka. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu. Kwa wavuta sigara jambo hili linajulikana miaka mingi: fizi inaonekana imara, haitoi damu, huku chini yake mfupa unaoshikilia jino unalika. Mtu hupiga mswaki, anatema povu jeupe, anaridhika. Anakuja kliniki jino limeshaanza kucheza. Nikotini iliyomo kwenye vepu ni hiyohiyo. Ongeza na ukavu wa mdomo unaowapata watumiaji wengi: mate yakipungua, asidi ya bakteria hukaa kwenye meno muda mrefu zaidi.

Mtu aweza kusema ushahidi wa muda mrefu bado ni mchanga. Ni kweli. Vepu ya kisasa ilibuniwa na mfamasia wa China, Hon Lik, mwaka 2003, kwa hiyo hakuna aliyeivuta miaka 40 tukamchunguza kinywa. Kwangu hiyo ni sababu ya tahadhari.

Uganda, tunaochangia nao ziwa, ilipiga marufuku kuziingiza na kuziuza kwa sheria yake ya mwaka 2015. Kwa chuo, ningeanzia kwenye kiti cha mgonjwa. Ukimuuliza mtu "unavuta sigara?", wa vepu atajibu hapana, na hajakudanganya. Mwanafunzi anayeiona vepu kama kitu cha kawaida hatakumbuka kuuliza swali la pili. Huyo nisingemfukuza. Ningetaka wenzake wampime fizi kwenye mazoezi ya vitendo, aandikiwe vipimo vyake kwenye kadi, kisha asaidiwe kuacha kwa utaratibu uleule anaofundishwa kuwasaidia wagonjwa.