Fildi ya sheria: nani kasema ofisi ndogo ni ya waliokosa?

Mpwa wangu anasoma sheria, mwaka wa tatu. Mwezi uliopita alinitumia orodha ya ofisi 41 alizoomba nafasi ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kwa likizo ndefu. Zote ziko Posta, Upanga au Masaki hapa Dar es Salaam, na zote ni kampuni kubwa za uwakili, zile zenye tovuti na wabia wanaoalikwa kwenye makongamano ya uwekezaji. Tatu zilimjibu kuwa nafasi zimejaa. Thelathini na nane zimekaa kimya. Nikamuuliza kwa nini hajapeleka barua kwa wakili yeyote pale karibu na Mahakama ya Wilaya Temeke, dakika kumi kwa miguu kutoka kwao. Akaniandikia: "Anko, pale si wanaenda waliokosa?"

Neno hilo, waliokosa, ndilo lililonikalisha niandike.

Waanze wenye hoja ya kampuni kubwa, maana hawasemi upuuzi. Fildi ya sheria kwa miaka mingi ilipatikana kwa kujuana, na kwa sehemu kubwa bado ni hivyo. Baba anamjua wakili, wakili anamjua mbia, mtoto anapata kiti kabla chuo hakijafunga. Kampuni inayotangaza nafasi hadharani, ikaweka tarehe ya mwisho, ikataja GPA (wastani wa alama za chuo) inayoitaka na kuwahoji waombaji, imemfungulia mtoto wa mkulima wa Namtumbo mlango ambao asingeujua. Ushindani unauma. Koneksheni inauma zaidi, kwa kuwa aliyenyimwa hata haambiwi kwamba nafasi ilikuwepo.

Halafu kuna kazi yenyewe. Kwenye kampuni hizo mwanafunzi anakutana na mikataba ya gesi, ununuzi wa makampuni na maombi mbele ya Tume ya Ushindani. Rasimu yake inarudi na wino mwekundu mara nne kabla haijatoka nje, na Kiingereza chake kinanyooka atake asitake. Baadhi ya kampuni zinampa posho. Na ofisi ndogo zina dhambi zake, tusizifiche: kuna mahali mwanafunzi anafuata chai na kudurufu karatasi wiki nane nzima, na kuna mahali pabaya kuliko hapo, ambapo hati ya kiapo inagongwa mhuri na mwenye kuapa yuko Morogoro. Kijana akizoea ushoka huo, yaani uwakili wa kughushi, akiwa na miaka 22, kumtoa huko ni kazi.

Nazikubali hoja hizo. Ila wanaozisema huwa hawasemi jinsi barua zinavyosomwa. Niliwahi kukaa upande ule wa meza, katika ofisi moja ya mjini nisiyoitaja. Tulikuwa na nafasi tatu za wanafunzi, na barua zilizochapwa zilijaza makasha mawili ya karatasi. Tulichuja kwa GPA, halafu kwa jina la chuo, halafu kwa uchovu. Barua zilizokuwa chini ya kasha la pili hakuna aliyezigusa. Waandishi wake, nadhani, walikaa wiki kadhaa wakifungua simu kila baada ya nusu saa, wakajihesabu kuwa wamepimwa wakaonekana hawafai. Hawakupimwa na mtu yeyote. Ukimya wa ofisi zile 38 haumwelezi mpwa wangu. Unaeleza kwamba vyuo vinavyofundisha sheria nchini vimepita kumi na meza zenye kiti cha ziada Masaki hazijafuata mwendo huo. Shahada ya sheria ilipoanza mwaka 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi hawakutimia ishirini. Leo namba za uwakili, zile anazopewa kila wakili anapoandikishwa, zimeshapita 10,000, na wengi wa wenye namba hizo hawafanyi kazi ghorofani. Wako kwenye ofisi za chumba kimoja au viwili, jirani na mahakama, kwenye foleni ya wateja ambao wamekuja na bahasha ya kaki.

Nami fildi yangu niliifanya huko, na sikuichagua. Nilizungusha barua Posta nzima kwa miguu, nikaambiwa "tutakupigia" na makatibu muhtasi ambao hawakuniomba namba. Nikaishia kwa mzee mmoja aliyekuwa na meza mbili na kabati la majalada lisilofunga. Wiki ya pili aliingia mama mmoja na nakala ya hukumu ya mahakama ya mwanzo kuhusu mirathi. Mzee akaangalia tarehe, akahesabu kwa vidole, akaniambia: "Rufaa kwenda mahakama ya wilaya ni siku 30. Leo ni ya 34. Kaa na mama, akueleze siku nne hizo, moja moja."

Nilidhani ananipa kazi ya kunishughulisha tu. Ukiomba kuongezewa muda, mahakama inataka kila siku ya kuchelewa ielezwe. Mahakama ya Rufani imelirudia hilo mara nyingi mno. Siku ya kwanza mama alikuwa Kisarawe kwenye msiba. Ya pili alikuwa njiani anarudi. Ya tatu akanyamaza. Hakuwa na msiba, hakuumwa, nauli alikuwa nayo. Hakujua tu kwamba kuna mtu mahali fulani anahesabu siku. Tuliandika hati ya kiapo kwa ukweli huohuo, na ombi likakataliwa. Mzee hakunifariji wala hakumlaumu hakimu. Aliniambia niweke jalada mahali pake.

Miaka mingi imepita na sijaandika ombi la kuongezewa muda bila kuiona ile siku ya tatu. Najua kampuni kubwa ingenifundisha mengi. Hilo isingenifundisha, kwa kuwa mteja wake hachelewi; ana idara nzima inayomhesabia siku.

Na hapa nifike kwenye takwimu ambayo haijaniacha tangu Oktoba 2022. Yalipotoka matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo, pale barabara ya Sam Nujoma, ambako mwenye shahada ya sheria hupita kabla hajawa wakili, wanafunzi walikuwa 633. Waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliopata sapu, yaani wa kurudia baadhi ya mitihani, walikuwa 342, na waliodisko, yaani walioondolewa kwa kufeli, 265. Nchi nzima ikaishika ile 26. Mitandaoni ikawa kichekesho, bungeni ikawa hoja, na Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Wa upande wa shule wakasema vyuo vinaleta watu wasioiva. Wa upande wa vyuo wakasema shule inakomoa.

Mimi macho yangu yamebaki kwenye 342. Aliyedisko unaweza kusema hakujua. Aliyefaulu alijua. Hawa wa katikati, zaidi ya nusu ya darasa, walijua kitu fulani na wakashindwa kukifanya kitu kingine. Ni watu waliopita miaka mitatu au minne ya chuo, wamefaulu sheria ya mikataba, ya madhara, ya katiba. Shule yenyewe ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 kwa sababu hiyohiyo, kwamba shahada haimfundishi mtu kushika kazi: aandike hati ya madai isiyo na mwanya, ajue shauri hili linaanzia mahakama ipi, ajue kiapo kikikosa aya fulani kinatupwa. Mwanafunzi anayaona wapi mambo haya kabla hajafika Sam Nujoma? Anaweza kukaa wiki nane kwenye ghorofa ya Masaki, akasoma mikataba mizuri ajabu, na asiione hati ya madai hata moja. Kwenye ofisi ya Temeke ataiona Jumatatu.

Sisemi wale 607 ambao hawakufaulu moja kwa moja waliangushwa na fildi. Katika mjadala ule Kiingereza kilitajwa sana, na hapo wenye hoja ya kampuni kubwa wanapata alama yao, nami nawapa. Lakini tukumbuke pia kwamba mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na mahakama za mwanzo zimekuwa zikisikiliza watu kwa Kiswahili siku zote. Kijana anayeweza kumsikiliza mama mwenye bahasha ya kaki kwa dakika arobaini, akatoa humo tarehe tatu na jina la shahidi, ana ujuzi ambao hakuna fomu ya maombi inayouuliza. Fomu inauliza kama amewahi kushiriki mashindano ya kesi za kuigiza.

Ipo pia hesabu ya mfukoni, ambayo wanaotoa ushauri wa "komaa, usijishushe" huiruka. Mnufaika wa Bodi ya Mikopo ana fedha ya mafunzo kwa vitendo. Asiye na mkopo hana. Kutoka Temeke hadi Masaki na kurudi, siku tano kwa wiki, na shati linalopaswa kufanana na la wabia, ni mzigo kwa mzazi anayeuza genge. Dakika kumi kwa miguu nazo ni posho.

Mpwa wangu sikumwambia aache kuomba kampuni kubwa. Nilimwambia achague sita kati ya 41, zile ambazo anaweza kusema zinafanya kazi gani na yeye anataka nini humo, kwa sababu barua iliyotumwa kwa ofisi 41 inasomeka hivyohivyo, kama tangazo la msiba lililobadilishwa jina. Aziwekee tarehe. Ikipita, asizipigie tena simu wala asijiulize kakosea wapi. Avae viatu aende kwa mawakili wa Temeke na barua mkononi, baada ya saa nane mchana, wakili akiwa amerudi kutoka mahakamani. Na asiingie kichwakichwa. Aulize kama ataruhusiwa kukaa kwenye mashauri, kama ataandika rasimu mwenyewe, na nani atasaini kitabu chake cha kumbukumbu. Siku atakayoambiwa agonge mhuri kwenye kiapo cha mtu ambaye hayupo, achukue begi lake aondoke, hata kama zimebaki siku mbili.

Upande wangu nao una deni. Sisi wa ofisi ndogo tunawaandikia vijana barua za mistari miwili: "alikuwa na nidhamu na ushirikiano." Barua hiyo haimsaidii. Mbia wa Upanga akiiona haimwambii kwamba huyu kijana aliandaa viapo kumi na viwili, alikaa kwenye mashauri ya mirathi, aligundua jalada limepotea kabla ya karani. Tukiandika hayo kwa urefu, pengine neno waliokosa litaanza kukosa maana. Tusipoandika, tusiwalaumu wanaolitumia. Vyuo sivitaji sana. Msimamizi wao huja siku moja, anasaini, anauliza maegesho yako wapi.

Jumatatu kijana alikwenda. Wakili hakuwepo, alikuwa mahakamani Kisutu, na karani akamwambia asubiri kwenye benchi. Alisubiri hadi saa kumi kasoro. Alhamisi jioni akanitumia picha ya ukurasa wa kwanza wa kitabu chake cha kumbukumbu, jina la mdaawa amelifunika kwa kidole gumba kama alivyofundishwa, na chini yake swali: "Anko, zile siku 30 zinahesabiwa kuanzia hukumu iliposomwa, au kuanzia ulipopewa nakala?"

Nikamwambia afungue Sheria ya Mahakama za Mahakimu, kifungu cha 20.