3,5 ni 3.5, jamani

Jumanne nilikwenda kumtafsiria mama mmoja Mkongo kwenye sekondari moja ya huku Marekani. Mwanawe ana miaka 16, kakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, huku hajamaliza hata miezi mitano. Tukaoneshwa mtihani wake wa hesabu: wino mwekundu mtupu. Mshauri wa wanafunzi, dada mpole kwelikweli, akasema kijana arudishwe hesabu za msingi "apate kujiamini".

Nikaivuta ile karatasi. Mtoto kaandika 3,5. Kaandika 0,25. Majibu sahihi, kilichomponza ni mkato! Wakongo kambini wanafuata mtaala wa kwao, wa Kifaransa, na kwa Kifaransa desimali ni mkato. Huku mkato ni wa kutenga maelfu, kwa hiyo jibu la mtoto wa watu likaonekana takataka. Na kwenye kugawanya, kigawanyo kakiweka kulia, jibu chini yake, kama wanavyofundishwa wanaosoma kwa Kifaransa. Pembeni mwalimu kachora alama ya kuuliza. Sasa ndugu yangu, unaiuliza karatasi na mwenyewe yupo dawati la tatu?

Nikamuuliza mimi, kwa Kiswahili. Akanieleza hatua kwa hatua, bila kusita, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tantine, hii niliimaliza zamani." Nilipotafsiri, walimu walitazamana utafikiri bubu kaimba.

Swali alilokosa kweli ni moja. Lilihusu ule mpira wao wa kubeba mikononi: timu imevuka mstari mara nne, ina pointi ngapi? Kaandika 4. Walitaka 24. Mtoto wa kambini atajuaje kwamba bao moja linahesabiwa sita?

Sawa, Kiingereza lazima akijue, na upesi. Na mwalimu mwenye darasa limejaa hawezi kujua mila za hesabu za dunia nzima, nakubali, ingawa roho inagoma. Lakini kijana wa miaka 16 hana mwaka wa kuchezea. Kuhitimu huku ni kukusanya krediti, yaani pointi za kila somo ulilofaulu, na mwaka wa kujumlisha na kutoa alivyokwisha vijua haumsogezi popote. Mahakama ya Juu ya nchi hiyohiyo ilishasema mwaka 1974, katika kesi ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, kwamba kumpa asiyejua Kiingereza kitabu kilekile na mwalimu yuleyule si usawa. Miaka yote hiyo, na bado tunashindwa kumkalisha mtoto nusu saa siku ya kwanza, tukamuuliza kwa lugha yake anajua nini!

Nami nisijitie mtakatifu. Kwetu Tanzania, kidato cha kwanza, nilivishwa kibao shingoni kwa kusema Kiswahili, na muhula mzima nikawa mbumbumbu wa biolojia. Likizo kaka yangu akanieleza usanisinuru kwa Kiswahili tukiwa tunamenya mihogo. Mihogo haikuisha kabla sijaelewa.

Wazazi, neno moja: mkalimani ni haki yenu, shule ndiyo inayomleta. Msikubali mtoto atafsiri aibu yake mwenyewe.

Mama hakusaini mwanawe arudishwe hesabu za msingi. Alhamisi kijana anapewa mtihani upya, nami nimemsihi aandike nukta. Kaniuliza: na 7 je, aendelee kuikata kistari kiunoni?

Nikamwambia aikate.