Mkiandika ripoti kuhusu mtu, mpeni aisome

Wiki iliyopita binti ya shangazi yangu alinitumia skrinishoti kwa Wasap. Imeili ya mistari miwili kutoka kwa kampuni aliyofanya intavyuu za kazi ya kuandika programu: asante kwa muda wako, tumeamua kuendelea na waombaji wengine. Jina lake sitalitaja, ni moja ya zile kubwa za teknolojia ambazo kila mwanafunzi wa kompyuta hapa Nairobi anaziota. Chini yake ameandika tu, "Aki hata hawasemi ni nini." Nimekasirika tangu siku hiyo na ndio maana naandika.

Wale mmepitia hizi intavyuu mnajua zilivyo. Kwanza rikruta, yule wa kampuni anayetafuta wafanyakazi, anakupigia, kisha kuna swali la kuandika programu mtu akikuangalia, kisha ndio inakuja ile siku yenyewe, intavyuu nne ama tano zimefuatana, na kama wanaokuhoji wako California ama Seattle basi saa tatu asubuhi yao ni saa moja jioni yetu, wakiwa kwa majira ya baridi inakuwa saa mbili, kwa hivyo unamaliza karibu usiku wa manane ukiwa kwa kachumba kako Kahawa Wendani ukiomba stima isipotee. Na hapo sijataja miezi ya kujitayarisha, mtu anatoka kazini amechoka anafungua LeetCode, tovuti ya mazoezi ya maswali ya intavyuu, mambo ya miti ya bainari (data iliyopangwa kwa matawi mawili mawili), grafu, dainamiki programingi, hadi kwa matatu ya asubuhi anasoma kwa simu. Ukienda Amazon lazima uwe pia na hadithi zako za kazini za kulingana na zile kanuni zao 16 za uongozi. Huyu msichana hakuenda harusi ya rafiki yake ju ya kusoma. Mtu amejitolea hivyo, unamnyimaje sababu?

Na sababu iko! Hiyo ndiyo inanichoma. Si ati tunawaomba waende wakatafute kitu hawana. Kwa hizi kampuni kubwa kila anayekuhoji anaandika ripoti baada ya hapo, umejibu nini, umekwama wapi, anashauri uchukuliwe ama usichukuliwe. Google wamekuwa na kamati inayosoma hizo ripoti na kuamua, hata haikuoni uso. Amazon wana mtu wanamuita bar raiser, hatoki kwa timu inayoajiri, na akikataa imekataliwa. Kwa hivyo aya nzima kuhusu akili yako imeandikwa, imesomwa, imejadiliwa, iko kwa sava mahali, na mtu mmoja tu ambaye ingemsaidia ndiye hajaiona.

Halafu mara nyingi unaambiwa unaweza kujaribu tena baada ya miezi sita ama mwaka. Nirudi nikiwa nimerekebisha nini? Hata KCSE, na ukali wake wote, inakupa slipu yenye gredi ya kila somo, unajua ni hesabu imekuangusha na Kiswahili kimekubeba. Huyu binti hajui kama ni algorithimu, ama ni ile intavyuu ya kubuni mfumo mkubwa, ama ni vile alikuwa anaongea polepole akifikiria. Sasa anasoma kila kitu upya kutoka mwanzo, na kila siku anajiamini kidogo kuliko jana. Mwenzake aliyesoma chuo kilicho karibu na hizo ofisi ana rafiki ndani, atamnong'onezea. Sisi wa huku wengi hatuna wa kutunong'onezea, na ndio maana hiyo imeili tupu inatuumiza zaidi.

Maswali yenyewe ni vita vya siku nyingine. Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa idara ya wafanyakazi Google, alikiri 2013 kwamba vile vitendawili walivyokuwa wanauliza vilikuwa kupoteza wakati. Na 2015 Max Howell, aliyetengeneza Homebrew, programu ya kusakinisha programu zingine kwa kompyuta za Mac, alisema Google walimkataa ju hakuweza kupindua mti wa bainari ubaoni.

Najua watasema wanaogopa kushtakiwa. Sawa, hofu hiyo si ya kubuni, Marekani watu wanashtakiana, na neno moja baya la mhoji mmoja linaweza kuishia kortini. Na waombaji ni wengi, nakubali. Lakini sizungumzii kila aliyetuma sivii. Nazungumzia wale wamefika raundi ya mwisho, hao si wengi hivyo.

Na tuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 26, inakupa haki ya kuona data yako iliyo mikononi mwa yule anayeishikilia, na kifungu cha 4 kinamgusa hata asiye na ofisi hapa mradi anashughulikia data ya mtu aliye Kenya. Maoni ya mhoji kuhusu majibu yangu ni data yangu. Huko Ayalandi kuna Peter Nowak, alifeli mtihani wa uhasibu akaomba karatasi yake, akanyimwa, akapigana hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, na Desemba 2017 ikaamua kwamba majibu ya mtahiniwa na maoni ya msahihishaji ni data yake binafsi. Uamuzi huo hauzifungi korti zetu, lakini nataka kuona kampuni ikisimama kortini Milimani ieleze kwa nini Mkenya anastahili kidogo kuliko Nowak.

Binti ya shangazi ashatuma ombi lake la kuona ripoti zake. Kama nawe una imeili kama hiyo, andika barua fupi, taja sheria na kifungu, omba maandishi ya kila mhoji na alama walizokupa, na usiitume kwa rikruta, itume kwa ile anwani ya faragha iliyo kwa tovuti yao. Wakinyamaza, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inapokea malalamishi.