Tepu ya mbuta imenipita tena

Mimi navua samaki kwa raha tu. Jumamosi kama sina kazi nachukua mshipi wangu wa ndoano naenda bichi moja ya wavuvi hapa Kisumu, nikipata ngege (tilapia) wawili sawa, nikikosa pia sawa, nyumbani sukuma iko.

Binamu yangu naye anaishi kwa kuvua mbuta, yaani sangara, kwa nyavu. Sheria inamwambia mbuta asiyefika sentimita 50 asimguse, na anayezidi 85 pia asimguse, na mimi hapo sibishani, hao wakubwa ndio kina mama wenye mayai, ukiwamaliza mwaka kesho utavua nini. Shida ni kwamba wavu ukitegwa usiku hauchagui, asubuhi jamaa anauvuta anakuta mama wa sentimita 100 ameshakufa zamani, sasa amrudishe majini amsaidie nani? Akimleta bichi ni kesi.

Alafu kuna wageni wanaokuja kuvua kwa mchezo kule visiwa vya Rusinga na Mfangano, na hao shabaha yao ni huyo huyo mama, kadiri anavyokuwa mkubwa ndio picha inanoga. Sawa, wanamrudisha akiwa hai, hiyo nawapa. Lakini samaki aliyepigana na ndoano hadi akachoka, akainuliwa kwenye jua watu wapige selfi, akifa baadaye huko chini nani anamwandika?

Na hii ya kutanguliza uvuvi wa raha si mambo ya leo. Samaki wanaoitwa bass wa Ziwa Naivasha waliletwa kutoka Marekani miaka ya 1920 ili walowezi wapate cha kuchezea, nyavu za biashara zilikuja nyuma. Sisi wa mshipi tumezoea kuonekana hatuna madhara.

Mimi ningetaka mwenye nyavu abanwe kwa ukubwa wa matundu na mahali anapotega, kabla samaki hajafa, na sisi wa mshipi tuandikishe tulichopata, hata waliorudishwa, na pesa za leseni zetu zisaidie BMU, kile kikundi kinachosimamia bichi, kulinda mazalio ya samaki. Najua wenzangu wa ndoano watanitukana, wacha watukane.

Juzi jamaa wa bichi alikuja na tepu, akapima mbuta wa binamu mmoja mmoja, mmoja akawekwa kando, kelele ikaanza. Akafika kwangu, ndoo iko wazi kabisa, akatabasamu tu, "Boss, leo wameuma?" akaenda zake.